Safu ya Tisa

Ulikuja Micheweni na karatasi za safu nane,
Nassor, kalamu mbili mfukoni na saa ya kubonyeza,
ukakaa kwenye benchi la wajawazito ukipima
dakika za kungoja, dakika za kuhudumiwa.
Mimi nami ukanipima:
"Muuguzi R., saa nane usiku, hayumo wodini, dakika kumi na tisa."

Kweli, sikuwamo.
Nilikuwa kisimani na ndoo mbili,
maana mfereji ulikauka tangu Ijumaa
na mtoto anayezaliwa hangoji maji.

Nilisoma nikiwa nyuma ya bega lako. Nikacheka, kisha nikakasirika,
kisha nikenda kabatini, chini ya glavu na pamba,
nikakutolea daftari langu la skuli, jalada limeng'oka:
miaka sita ya vijistari, kwa wino wowote uliopatikana.
Kila aliyefika kachelewa nilimuuliza,
si "mbona umechelewa?" (hilo huwafunga midomo),
bali "ulikuwa ukimngoja nani?"

Mume, yuko dago.
Mama mkwe, yumo mikarafuuni.
Gari ya Faki, haina mafuta.
Mume. Mume.
Mkunga wa kwetu, kasema bado.
Simngoji mtu. Naliogopa utanikemea.

Hilo la mwisho nililipigia mstari,
nisimwonyeshe mtu hadi wewe.

Ukafuta miwani. Hukunitajia takwimu.
Ulisema, "Bi Raya, hili la kuuliza sikulijua,"
nami nikasema, la kuhesabu silijui mimi:
naona ni vingi, lakini vingi kiasi gani?
Usiku ule wewe ukahesabu, mimi nikazalisha.
Alfajiri ukanambia: arobaini na mmoja.
Arobaini na mmoja walioniogopa mimi.
Nilitamani umekosea.
Ukahesabu tena, polepole, kidole juu ya kila kijistari.

Basi leo karatasi ina safu tisa,
na kichwa cha ya tisa ni swali langu.
Juu yamo majina mawili, herufi sawasawa;
kando ya langu uliandika "msaidizi", nikalikata.
Na zile ndoo nazo zimepata pahala pao,
dakika kumi na tisa, chini ya "huduma".

Benchini yupo binti wa Tumbe, kauma ncha ya kanga,
jasho linamchuruzika shingoni.
Kalamu ninayo.
Naketi kando yake kwanza.