Kumlisha Asiyekuwepo

Nilianza na ndoo za maji ya bomba,
maji ya Ostrava, yenye ladha ya msumari.
Nikayachuja, nikayatia chumvi ya paketi,
nikakoroga kwa mwiko wa uji hadi mkono ukafa ganzi.
Nje, theluji ilikuwa imechanganyika na masizi.
Bahari ya karibu ni mwendo wa siku nzima kwa treni,
na mimi, Jarmila, dereva wa tramu namba nane,
nimeiona mara moja tu, nikiwa na homa.

Kisha mchanga. Kisha mawe,
yametoboka kama mkate uliochacha.
Kisha kamba mmoja mbichi wa dukani,
nikamtupa humo aoze.

Ndiyo, aoze. Maji nayo hufunzwa,
na uozo ndio ada.
Kamba anapoyeyuka, amonia inapanda,
na ndani ya mawe kuna wasioonekana
wanaoamshwa na harufu ya karamu.
Wa kwanza hula sumu, wakaacha sumu nyingine;
wa pili huila hiyo, wakaacha kitu kisicho na haraka ya kuua.
Ukoo mzima unajengwa gizani
kabla mgeni mmoja hajabisha hodi.

Ctibor wa ghorofa ya chini hupanda kila jioni
na soksi zake za sufu, na bia yake.
"Wako wapi?"
"Hawajaja."
"Na taa umemwashia nani?"
Hucheka hadi kifua chake cha mgodini kinakohoa.
Huku kwetu samaki ni yule wa Krismasi:
siku tatu kwenye beseni la kuogea,
kisha rungu, kisha kikaango.

Sikumwambia habari za mwaka jana,
nilivyonunua saba siku ileile niliyojaza tangi,
maji yakiwa maangavu kama ahadi ya padri,
na asubuhi ya nne nikawachota kwa kijiko cha supu
mmoja mmoja, macho bado yanang'aa,
kisha nikaenda kazini. Nikafungua milango kila kituo.
Nikafunga. Nikafungua.

Siku ya tisa. Natikisa mrija, nahesabu matone.
Manjano inageuka kijani,
kijani cha nyasi, kijani cha chupa.
Ctibor aliweka bia chini.
"Hiyo rangi inasema nini?"
"Inasema anayeingia leo hatoki."

Alikaa kimya kitambo.
Ndipo akanieleza taa yao ya chini ya ardhi,
moto mdogo ndani ya wavu wa waya:
gesi ikiwepo, ulimi wa moto huvaa kofia ya buluu,
na wanaume hamsini wenye wake na madeni
husimama mlangoni, hawashuki,
hata msimamizi apasuke kwa kelele.
"Siku moja," akasema, asimalize.
Akakunja mikono ya shati.
"Pima tena."

Tangu hapo daftari ni lake.
Huandika kwa penseli ya seremala
amonia, nitriti, chumvi, joto,
na pembeni, bila kuulizwa: *mvua. Goti.*
Wiki ya nne mwani wa kahawia ulitanda kama vumbi la kakao,
akataka kuusugua, nikamkatalia.
Wiki ya tano mdudu mwenye nywele ubavuni
alichungulia tunduni saa sita ya usiku;
tukashangilia kama goli.

Leo mrija wa kwanza umebaki manjano.
Wa pili, buluu ya anga, bila chembe ya zambarau.
Tulipima mara tatu, maana Ctibor haamini cha kwanza.
Jana tulitoa robo ya maji, tukarudisha mapya.
Hakuna kilichobaki ila kukubali.

Nilitazama kioo: mawe, pampu, mdudu mmoja mwoga.
Mikono ilikuwa inanitetemeka, sijui kwa nini.
Yeye akagonga meza kwa kifundo cha kidole,
mara tatu, polepole, ishara yao ya zamani:
*shukeni.*

Nikavaa koti.
Duka la Hruška hufungwa saa kumi na mbili,
na barabara ina barafu.
"Mmoja tu," akanipigia kelele ngazini.
"Mmoja, Jarmila. Si saba."

Sikuwahi kumwambia.