Mizani Mbili

Muzna, mke wa mwanangu, kaniletea mizani ya kioo,
bapa kama sinia ya kahawa, ina betri na taa ya buluu.
Daktari wa hapa Ibra kasema: sukari imepanda, mama, upungue.
Basi kila alfajiri nikishaswali, kabla ya kahawa,
navua bangili, navua saa, navua hata miwani,
napanda, kisha najikuta siwezi kuisoma namba.
Nashuka. Navaa miwani. Napanda tena.
Gramu thelathini za miwani nazitoa kwa kichwa;
nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita.

Jumamosi: sabini na nne nukta mbili.
Jumapili: sabini na tano nukta sita.

Kilo moja na gramu mia nne, usiku mmoja!
Nikakaa ukingoni mwa bafu nikajihoji kama mwizi.
Umekula nini wewe?
Harusi ya kina Hamdun, wali wa kabuli, sawa,
na papa mkavu, na achari ya ndimu, vidole nikalamba.
Na choo, nisamehe msomaji, siku mbili hakijaniita.
Lakini sahani yote ile haikufika nusu kilo,
na mafuta hayajengwi usiku mmoja kama banda la kuku.

Dada yangu Thuwaiba, kwa simu, kutoka Sur:
"Achana na chombo hicho. Kina husuda."
Yeye hujipima na bangili zake zote, na abaya,
kisha hutoa kilo tatu "za nguo" akalala kwa amani.

Jumatatu sikupanda. Niliogopa.
Jumanne nikafanya jaribio, kama darasani zamani:
nikapanda, nikasoma, nikanywa pale pale juu ya kioo
chupa ya maji ya nusu lita.
Nusu kilo! Nimenenepa kwa maji matupu,
na midomo bado haijakauka.
Nikacheka peke yangu mpaka Muzna akagonga mlango.

Jumatano, soko la wanawake.
Shamsa muuza kotimiri anayanyunyizia mafungu yake maji
kwa mkono ule ule anaoshikia mizani.
"Mbona nzito leo?"
"Mbichi," akasema, hana haya.
Nikaitazama kotimiri, nikajiona:
chumvi ya papa ilinishikia maji ndani,
nami nikasimama juu ya kioo, mbichi, nasomewa bei.

Usiku nikafungua daftari. Nyuma yake mna kilo,
mbele mna mashairi, nane kwa nane,
kama baba alivyonifunza kule Tabora, akihesabu kwa vidole:

*Chumvi niliila jana, leo nimevimba maji,*
*Usinihukumu sana, mizani, we msemaji,*
*Kesho tutapoonana, utapungua mtaji,*
*Ni mimi yule wa jana, sijauhama mwili wala mji.*

Mstari wa mwisho umezidi mizani tatu.
Baba angeukata kwa kalamu nyekundu.
Nimeuacha. Ni maji tu.

Siku hizi najumlisha siku saba, nagawa kwa saba,
na namba hiyo moja ndiyo ninayoiamini.
Inashuka kama falaji nyuma ya nyumba yetu:
simama hapo mchana kutwa, mteremko huuoni,
aliuona fundi na kamba yake tu,
na bado maji yanafika mitendeni.

Juzi umeme ulikatika, kiyoyozi kikafa,
nililala katika jasho mpaka adhana.
Mizani ikasema nimepungua gramu mia tisa.
Thuwaiba akapiga vigelegele kwenye simu.
Nikasema bismillahi,
nikanywa bilauri tatu,
nikazirudisha.