Kielelezo Kisicho na Namba

Mimi ni karani wa masjala, Mahakama Kuu, Moshi.
Kazi yangu ni kuvipa vitu namba.
Panga lilishuka kutoka Mbokomu limeviringwa gazetini:
nikaliandika P2.
Ramani ya eneo la tukio, mfereji umechorwa kama mnyoo: P3.
Shati la marehemu sikulifungua.
P4.

Kesi yenyewe ilikuwa ya hatua tatu za kihamba.
Nilizihesabu kwenye ramani:
migomba kumi na mmoja, mbuni mmoja mkongwe,
na mstari wa masale ambao mtu aliung'oa usiku
akaupanda upya, ndani kidogo, kwa faida yake.
Alfajiri Aminieli alimkuta binamu yake Kanankira
bado ana udongo mikononi.
Yaliyobaki yamo kwenye P2.

Siku ya hukumu mama wa marehemu alifika kabla ya mahakimu.
Bi Ndeshukurwa. Viatu kaviweka mlangoni, kama kanisani.
Akapenyeza chini ya kioo cha dirisha langu
kitawi cha isale, jani moja limefungwa fundo.

Jaji wetu ni mtu wa Singida, ilibidi nimweleze:
huku isale likiletwa, halikataliwi.
Hata aliyekuchimbia kaburi,
akija nalo, unamkaribisha, unamsikiliza.
Ila hili halikuletwa na mkosaji, mheshimiwa.
Aliyekosewa ndiye kalileta.
Anasema ameshazika mmoja,
wa pili hamudu.

Jaji alivua miwani. Alilishika kwa vidole viwili,
jinsi mtu anavyoshika barua isiyo yake.
"Kwa kosa hili," akasema,
"sheria imeniachia sentensi moja tu.
Imeshaandikwa. Mimi naisoma."

Akaisoma. Nilikuwa nimeipiga chapa asubuhi ile,
kabla ya chai,
kwa sababu haibadiliki: *kunyongwa hadi kufa.*
Jina tu ndilo linaloachiwa nafasi.

Usiku nikaitoa Katiba kabatini, ibara ya kumi na nne.
Kila mtu anayo haki ya kuishi.
Ingeishia hapo ningelala.
Lakini inaendelea, inataja jamii, inataja hifadhi,
halafu, kama mgeni aliyekwisha kuaga
akakumbuka kitu na kurudi mlangoni:
*kwa mujibu wa sheria.*

Maneno manne.
Nikawaza ule mstari wa masale,
na swali ambalo wakili hakuliuliza:
haki ilipopandiwa mpaka, nani alishika jembe,
na je, palikuwa mchana?

Arusha si mbali, hata chai ya chupa haipoi.
Huko ipo mahakama nyingine iliyokwisha kusema
jaji apewe mizani, si karatasi iliyojazwa.
Maneno yake tunayo. Yamo kwenye rafu,
yana namba.

Aminieli yuko Karanga. Rufaa imekatwa.
Kila Jumanne Bi Ndeshukurwa huuliza kama jalada limesogea,
nami humjibu, mama, bado.
Anauliza kama jaji alilikataa lile jani.
Hakulikataa, namwambia. Hakulipokea pia.
Alinirudishia mimi.

Daftarini lina mstari wake, tarehe tu, bila namba.
Kitawi nilikitia kwenye chupa ya maji, dirishani.
Kimeota mizizi, myeupe, mingi, imejaa chupa.
Mkaguzi alipopita mwezi uliopita akauliza hiki nini.
Nikasema ua.