K Saba

Pete ya njano, mguu wa kushoto: K saba.
Mwaka juzi sululu huyu hakuonekana. Mwaka jana pia.
Nikamwandika kwenye safu ya wasiorudi,
kwa kalamu ya wino, mjinga mimi.

Leo, maji yametoka Mingoyo,
yupo kwenye tope la mashamba ya chumvi,
anachomoa kaa, anamkung'uta miguu,
hana habari kwamba alishakufa.

"Sasa hesabu yako imeharibika,"
anacheka Nambunga, chepe begani.

Imeharibika. Mia mbili na sita tuliwavisha pete;
mia na themanini na mmoja nimewaona tena.
Waliobaki, sijui ni bahari imewameza
au ni macho yangu.

Nakata mstari juu ya mstari.
Kesho naja na penseli.