Makasha

Walikuja kumi na mmoja, mwezi wa saba,
mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatia maua.
Walikuja na makasha ishirini na matatu ya vitabu,
simenti waliyoinunua Lindi mjini,
gitaa moja, dawa ya mbu,
na ratiba: asubuhi matofali, jioni Injili,
Jumamosi kutazama nchi.

Mimi, Somoe binti Nampinga, niliajiriwa kuteka maji.
Ndoo arobaini kwa siku, za zege na za chai yao.
Nikajifunza majina yao kwa kiu zao:
Mchungaji Rolfu hanywi mpaka yachemke mara mbili,
Aneli anakunywa tu, kisha anaumwa, kisha anacheka.

Sitawasema vibaya. Kazi waliifanya.
Pua zilibabuka, viganja vikatoka malengelenge.
Ila rafu walizipiga juu, kwa kimo cha Mchungaji Rolfu,
na fundi Chilumba aliposhauri, walidhani anasalimia.

Jioni waliimba.
Sisi wa msikitini tulikaa ng'ambo ya uwanja,
maana wimbo haumzuii mtu kukaa kwake.
Mchungaji akauliza nani anataka kuokoka.
Watoto wote wakanyoosha mkono:
jana yake swali lilikuwa nani anataka biskuti.

Jumamosi wakataka Tendaguru.
Gari likaishia korongoni, tukamaliza kwa miguu.
Kilima. Nyasi. Shimo lililokwisha kufukiwa na mvua.
"Ndiyo hapa?"
Ndiyo hapa.
"Mbona hakuna kitu?"
Kilikuwepo.

Nikawaambia kama bibi alivyonihadithia:
babu yake alikuwa mpagazi wa Wajerumani.
Siku nne mpaka bandarini Lindi,
kasha limening'inia mtini, mti begani,
na ndani ya kasha mfupa wa mnyama
ambaye simba angekuwa kupe kwake.
Jina la mnyama hakuambiwa, wala hakuuliza.
Mpagazi huuliza uzito, na huuliza ujira.
Alibaki na sugu begani.
Bibi aliichezea utotoni,
akidhani kila babu huzaliwa nayo.

Aneli akanyamaza. Kisha akatoa simu.
Pichani ana miaka saba, hana meno ya mbele,
kasimama Berlini chini ya shingo inayoupita mnazi.
"Huyu mimi," akasema.
Nikaivuta picha ikakua,
nikampita yeye, nikapita kamba ya kuzuia watu,
nikaupekua mfupa,
nikitafuta alama ya bega.

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeshika gitaa.

Sasa wameondoka. Maktaba ipo:
mabati ya buluu, kibao, ufunguo shingoni mwangu.
Vitabu vingi ni vya theluji,
vya kulea mbwa wa ndani,
vya kodi za serikali isiyotujua.
Zaburi, nakala sitini.
Vya Kiswahili vinne, kimoja mchwa wamekila
mpaka ukurasa wa thelathini;
tunakisoma kuanzia thelathini na moja.

Na kimoja cha picha, cha wanyama waliokwisha duniani.
Mtukwao wa darasa la tatu ndiye alikikuta,
amepanda juu ya debe la mafuta, vidole vinapapasa rafu.
Shingo ile ile.
Chini yake maandishi membamba kama sisimizi.
Nikamsomea kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili:
alipatikana Afrika Mashariki.

"Afrika Mashariki wapi?"

Nikafunua ukurasa wa mbele, nikafunua wa nyuma.
Kitabu hakisemi.

Sheria ya maktaba niliiandika kwa mkono wangu,
imebandikwa mlangoni kwa ulimbo:
NI MARUFUKU KUANDIKA NDANI YA VITABU.
Nikampa penseli.
Nikachukua ufagio, nikaenda kufagia baraza
niliyokwisha kuifagia.