Nyuzi Themanini na Mbili

Nje, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Mlango wa gereji umeganda kwenye bawaba;
nimeupiga teke mara mbili, haukutetereka.
Msukumo wa tatu haukuwa wangu. Tord aliutia bega,
akaingia bila salamu, akawasha taa.
Tangu Novemba salamu zetu ni za kukopeshana.

Volvo la mama lipo juu ya vigingi, bampa limevuliwa,
pua wazi kama kibogoyo anayecheka.
Hapo, mbele ya rejeta, kaka yangu alifunga kipoza oili:
safu kumi na tisa za alumini,
mipira miwili mirefu, moja kwa moja, bila mlango.
Ili apate nafasi aling'oa kadibodi
ambayo mama aliifunga pale kila majira ya baridi
kwa kamba ya kiatu,
akaitupa kwenye pipa. Maziko yalikuwa na wiki tatu.
"Baridi haijawahi kuua injini," akasema.

Nilimwambia. Akajitia nta masikioni.
Nilimwambia: tabo, kweli, hulala na moto,
mhimili wake huzunguka mara laki moja kwa dakika
huku ganda lake likiwaka jekundu kama kaa,
na oili ndiyo peke yake ipitayo katikati,
ikatoka na joto mgongoni. Ipoze, ndiyo.
Lakini oili iliyopozwa kabla haijapata moto
ni asali ya mwaka jana chini ya mtungi:
unauinamisha, unangoja,
beringi nazo zinangoja, na beringi hazina subira.

Januari, ziwani, mzunguko wa pili wa mbio za barafu,
geji ya joto ilisimama arobaini na moja. Haikupanda.
Presha ndiyo iliyopanda.
Mpira ukachomoka shingoni,
na juu ya barafu ukabaki mstari mweusi,
mrefu, umepinda, saini ya mtu asiyejua kuandika.
Ziwa lile watu hunywa maji yake.
Tulikwangua hadi saa nne usiku, yeye na sepetu, mimi na ndoo,
hatukusemezana hata neno.

Leo nimeleta sahani ya themostati.
Ni kitu kidogo, kizito, hukaa kati ya bloku na filta,
na tumboni mwake kuna kidonge cha shaba kilichojaa nta.
Nta, Tord. Hii husikia.
Oili ikiwa baridi, nta imelala, na oili hurudi kwa njia ya mkato.
Ikifika themanini na mbili, nta hufura,
husukuma kijiti, kijiti husukuma mlango,
ndipo kipoza kinapopewa kazi yake.

Nimeipaka oili ringi ya mpira kwa kidole,
nimekaza kwa mkono, kisha robo mzunguko, basi.
Mipira mipya nimeipitisha mbali na tabo,
nimeivika soksi ya kuzuia moto, nimeibana isisugue chasi.
Tord ameshika tochi. Neno lake la kwanza leo:
"Mbona mlango haufungi kabisa? Unavuja?"
Hauvuji. Unaonja. Tone kwa tone hupita,
ili siku ukifunguka, oili ya kule mbele
isitufikie ghafla kama barua ya wakili.
Akacheka kidogo. Barua hiyo tumeipokea sote wawili.

Tumeongeza nusu lita. Tumezungusha injini bila plagi
mpaka presha ikaonekana. Kisha plagi, kisha ufunguo.

Arobaini. Hamsini na tano.
Amevua glavu, kiganja kipo juu ya mpira.
"Baridi," anasema.
Sabini. "Baridi bado."
Natazama geji, natazama mkono wake,
ile kucha nyeusi aliyoigonga kwa nyundo akiwa na miaka tisa
na mama akamfunga kitambaa cha jikoni.
Themanini. Kimya. Themanini na tatu.

"Annelie," anasema, "njoo ushike."

Bampa bado lipo sakafuni,
na boliti yake moja haionekani.