Fungu la Buu

Birkat al-Mauz. Zamu yetu ni nusu saa,
imeandikwa daftarini kwa mkono wa Muhenna:
tangu kivuli kigusapo jiwe la tatu.

Mimi nimetumwa kusugua falaji.
Nageuza kokoto, na ubavuni mwake
buu, hazidi punje ya mchele,
mlangoni pa kibanda cha changarawe
ametanda wavu wa hariri aliyoitema mwenyewe,
matundu sawasawa, kama viua
vya kofia ya marehemu baba.

Wavu umeelekea mkondo. Hawindi.
Maji humletea: uvumbi wa majani ya mtende,
ukungu wa kijani, na leo, kwa bahati mbaya,
povu la sabuni ya Bi Shinuna, anayefua juu kule.

Jina lake daftarini sijaliona.
Zamu ya Zahran, yumo.
Zamu ya msikiti, yumo.
Hata ile iliyonadiwa Ijumaa,
watu wakarushiana maneno hadi adhana,
yeye alikuwa akishona.

Nikalirudisha jiwe, uso ulekule,
ingawa sina hakika: vidole vilikufa ganzi
na pembe moja ya wavu ilikunjamana.

“Umemaliza?” Muhenna akauliza toka langoni.
Nikasema ndiyo.
Limebaki jiwe moja.